Katani Ndani ya Chasisi

Mimi ni mtu wa mkonge. Niliingia kiwandani kabla bendera haijabadilishwa, na kazi yangu ilikuwa mabomba. Bomba likivuja, unalizungushia katani, unapaka rangi nzito, unakaza, kwisha habari. Ujuzi huo ndio ulioniponza, na nalisema hilo mwenyewe kabla mke wangu hajalisema.

Gari lilikuwa landrova kuukuu. Nililipata Mazinde, shambani, limekaa juu ya mawe tangu meneja Mzungu aende kwao. Miaka yote lilikuwa likibeba majani mabichi ya mkonge, na maji ya mkonge yanakula chuma vibaya. Sikujali. Tulilivuta mpaka nyumbani kwangu Kwamndolwa.

Nililitaka kwa ajili ya mama. Mama alikuwa upande wa Handeni, nje kidogo ya Chanika, magoti yamekufa, hatembei. Amri ya kuhamia vijiji vipya vya ujamaa ilikuwa imetoka, na watu wa kwao waliambiwa malori yatawafuata masika yakiisha. Nilipokwenda kumwona alinishika mkono. "Mwanangu, nisipakiwe kwenye lori kama gunia la mahindi. Njoo unichukue wewe." Nikamwapia.

Nikaanza na chasisi, yale maboriti mawili ya chuma yenye uwazi ndani yanayobeba gari zima. Lo! Kutu ilidondoka mapande mapande, na upande wa kushoto ukabaki na matundu ya kupitisha ngumi. Wa kuchomelea sikumpata. Gesi haikuonekana Korogwe nzima. Basi nikachukua katani, nikaichovya kwenye rangi, nikaishindilia mle ndani mpaka ikagoma, nikafunika kwa bati la debe, nikapaka lami juu. Ukiangalia, huoni hata kidonda.

Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Baba watoto, hilo unalitibu au unalivika sanda?"

"Wewe angalia chungu chako," nikamjibu. Jeuri niliyokuwa nayo siku zile, sijui niliitoa wapi.

Masika yote gari lilikaa uani linanyeshewa, mimi nikipigilia ribiti, vile vipini vya kubana mabati, kwenye sakafu na milango. Sakafu niliiweza, wallahi. Nilimtengenezea mama na mahali pa kulaza miguu. Habari zikaja kwamba lori litapita kwao Jumatatu. Jumapili asubuhi nikawasha, nikaondoka, nikawa naimba peke yangu.

Sijafika hata nusu ya njia, nikishuka kwenye korongo dogo, nikasikia mlio, na usukani ukanitoka mikononi. Nilitambaa chini ya gari. Chasisi ilikuwa imekatika. Nikaingiza vidole: katani imelowa chepechepe. Ilikuwa imefyonza mvua ya masika yote na kuikumbatia humo ndani, na chuma kidogo kilichobaki kikaliwa kimyakimya. Kwenye bomba katani inazuia maji yasitoke, na huku nako ilizuia maji yasitoke. Mpumbavu mimi! Ningeyaacha yale matundu wazi yangekauka kwa upepo.

Nikatembea. Hakuna gari lililosimama. Nilifika Jumatatu jioni, nikakuta mlango wa mama umeng'olewa na paa limeshushwa. Jirani mmoja aliyebaki akikusanya kuku alinionyesha njia ya kijiji kipya.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka, katikati ya uwanja, sufuria zake zimemzunguka. Mkono wa kulia ulikuwa umechubuka toka bega mpaka kiwiko. Wenzake walikuwa wanachimba mashimo ya nguzo za vibanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Uso wake ulichanua, na furaha ile iliniumiza kuliko tusi. "Hawa walitaka kunichimbia nguzo. Nimewakataza, nimewaambia mwanangu yuko njiani na gari lake. Umeliacha wapi?"

Nikachuchumaa mbele yake nimweleze. Yeye akakaza kanga kifuani, akaninyooshea mikono yote miwili nimbebe.