Wauza Samaki Wawili Bustanini

Tan Guixiang aliuza samaki katika soko letu hapa Changsha, meza chache tu kutoka kwangu mimi muuza tangawizi. Alimnyamazisha kambare mkubwa kwa pigo moja, na akimwita mteja, hata wa barabarani waligeuka.

Kisha akapata saratani ya titi. Alipasuliwa, akatundikiwa dawa, akapigwa mionzi, na mwishowe daktari akamwambia ugonjwa hauonekani tena. Tulimpelekea mayai kwa furaha. Lakini hakurudi sokoni. Nilipomtembelea nilimkuta kitandani, kitana mkononi, kichwa kimechanwa upande mmoja, na nywele zenyewe ndiyo kwanza zinaota kama za kifaranga.

"Nimechoka, mdogo wangu," akasema. "Nalala nimechoka, naamka nimechoka. Mume wangu ananiambia nimeshapona, niache kudeka."

Daktari aliposikia hayo alimwambia uchovu huo ni wa kweli. Aushughulishe mwili, ila polepole. Akamwelekeza kwenye kikundi cha waliopitia saratani, kinachokutana asubuhi bustanini kando ya mto Xiang. Nikamsindikiza.

Tuliwakuta wakiinua mikono taratibu huku wakivuta pumzi, kisha wakiishusha huku wakiitoa. Guixiang akaninong'oneza, kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona: "Haya ni mazoezi, au wanafukuza nzi kwa adabu?"

Mwanamke wa mstari wa nyuma akageuka. "Nzi wenyewe watakuwa wamekufuata wewe. Hawakuwakosa samaki wako hata siku moja."

Alikuwa Peng Shuzhen, muuza samaki wa meza inayotazamana na ya Guixiang. Walikuwa hawasalimiani tangu mkesha fulani wa mwaka mpya, mmoja alipopunguza bei na kumnyang'anya mwenzake wateja. Meza yake ilipofungwa, tulidhani amekwenda kulea mjukuu.

"Hata wewe?" Guixiang akauliza.

"Ya utumbo. Habari zako nilisikia, dada. Nikaona haya kuja."

Mwalimu Ou, kiongozi wa mazoezi na mpeleka barua mstaafu aliyewahi kuugua saratani ya tumbo, akawapanga bega kwa bega. Haikuchukua muda magoti ya Guixiang yakaanza kutetemeka. Akatazama huku na huku kwa aibu.

"Keti, fanya mikono tu," Shuzhen akamwambia. "Mimi nilipoanza nilikuwa nafanya kope peke yake."

Guixiang akaangua kicheko. Sikuwa nimekisikia tangu augue.

Akawa haikosi bustani. Usingizi ukaanza kumkolea, na ngazi za nyumbani akazipanda bila kukaa njiani. Siku uchovu uliporudi, aliketi, na hakuna aliyemuuliza. Mumewe naye akaja kujaribu, akakunja magoti, na mapaja yake yakatetemeka kabla ya ya mkewe.

"Haya, nani anadeka?" Shuzhen akamuuliza, na kikundi kizima kikavurugika kwa kicheko, Mwalimu Ou akiwa wa kwanza.

Joto lilipopungua na miti ya osmanto ikachanua maua ya kunukia, wanawake hao wawili walirudi sokoni kwa meza moja, kwa kuwa hakuna kati yao aliyeimudu peke yake siku nzima. Guixiang huuza asubuhi akitoka mazoezini, Shuzhen hupokea mchana. Kugombana bado wanagombana. Samaki akiwa mnono, kila mmoja hudai ndiye aliyemchagua. Akiwa mwembamba, ni wa mwenzake.