Nilivyokalia Mbegu

Kwenye kilima chetu, upande wa Mibirizi, kujiandaa kwa kuja kwa Bwana kulianza na kula. Kikundi cha maombi kilichokutana karibu na kisima kilipata ufunuo kwamba hakuna atakayeyala mavuno ya msimu ule. Kwa hiyo kupanda maharage ni kukosa imani. Basi waliokuwa tayari walibeba mbegu zao, wakazimwaga katika sufuria moja na kuzipika na ndizi. Mimi nilikuwa shambani nalima. Nakiri, zilinukia vizuri.

Huku kwetu mtu akikwambia amekula mbegu, huna haja ya kumuuliza jambo jingine juu ya nyumba yake. Hawa walikula mbegu wakiimba.

Mimi ni wa kwanza kati ya watoto wanne. Wazazi wetu walikulia Bukavu, ng'ambo ya mto wa mpaka, wakaturudisha upande huu, kisha wakafariki, mmoja baada ya mwingine. Niliacha shule nikiwa darasa la tano, nikashika jembe. Kusubiri nakujua. Nimesubiri mvua, nimesubiri homa ya mtoto ishuke, nimesubiri maharage yaive wakati wadogo zangu wanalia. Hakuna siku niliyosubiri nikiwa nimekaa.

Mdogo wangu anayenifuata, kijana mwenye nguvu kuliko punda, alikuwa ameingia katika kikundi hicho. Asubuhi moja alikuja na kiongozi wao na mama mmoja jirani. Mama alibeba beseni tupu.

"Yaya," mdogo wangu akaniambia, kwa heshima ya dada mkubwa, lakini macho yake ukutani. "Tumekuya kuchukua mbegu."

"Mbegu ya nani?"

"Ya Bwana."

"Alilima siku gani? Sikumuona kwa shamba."

Yule mama akacheka, kisha akajiziba mdomo. Kiongozi hakucheka. Alikuwa mtu mpole mwenye shati jeupe. Aliniita maman ingawa sijaolewa.

"Maman, siku ile utajibu nini? Utasema ulikuwa na maharage?"

"Nitasema nilikuwa na batoto."

"Batoto ni ba Bwana."

"Basi ameniachia mimi. Muntu akikuachia batoto, akirudi atakuuliza kama balikula."

Mdogo wangu akaingia ndani. Gunia lilikuwa pembeni, mbegu zimechanganywa na majivu zisiliwe na wadudu. Zilikuwa hizo tu. Zikiisha, mwaka mzima hatuli. Nikamtangulia, nikakaa juu ya gunia.

"Toka, Yaya."

"Niinue."

Akanishika mabega. Angeweza kuninyanyua kwa mkono mmoja, na sote wawili tulilijua hilo. Mikono ilibaki pale, kisha ikaanguka.

"Muache," kiongozi akasema. "Ameshachagua dunia."

"Dunia yenyewe ni kipande kidogo tu, Papa, na kina mteremko."

Wakaondoka. Mdogo wangu aliwafuata, akahamia huko kwenye maombi. Nikapanda na wale wawili wadogo, waliochoka kila saa. Waliokuwa tayari walipita njiani, wakinihurumia. Siku moja mama wa beseni alisimama.

"Pole, dada. Unajichokesha bure."

"Asante. Ukipaa, uniachie vitenge vyako. Huko sijui kama vinavaliwa."

Akakishika kile alichojifunga kiunoni, akakikaza, akaenda zake haraka. Hiyo ndiyo imani iliyotaka kula mbegu zangu.

Mtu asiniambie kwamba namdhihaki Mungu. Nasali kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, na naamini atakuja. Ndiyo maana nilikasirika. Walimfanya mgeni wa ajabu, anayefurahi kukuta jiko limezimwa na shamba limeota majani, na watoto wa nyumba wanaomba chakula kwa majirani.

Mvua zilinyesha. Maharage yangu yalitoka. Kwao yalitoka magugu. Kiongozi alisema walielewa vibaya, wangoje kidogo. Alikonda pamoja nao, maana aliamini kweli. Angekuwa mwizi ningemwelewa. Huyu alijishindisha njaa kwa moyo safi, akaiita njaa hiyo utakatifu.

Maharage yetu ni ya kutambaa juu, yasipopata miti ya kushikilia yanaoza chini. Nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu kukata miti kulinishinda na wadogo walikuwa shuleni. Asubuhi moja nikamwona mdogo wangu anapanda mteremko, amebeba mzigo wa miti kichwani. Amekonda, amebaki shingo na masikio tu. Hakuomba msamaha; aliutua mzigo kando ya shamba.

"Yaya, naanza wapi?"

"Kwenye mstari wa chini. Na usikanyage kama ng'ombe."

Tulisimika miti hadi mchana. Nikapakua viazi vitamu. Akavitazama bila kugusa.

"Yaya. Na Bwana akikuya leo?"

"Nawa mikono."

"Nauliza kweli."

"Na mimi najibu kweli. Nawa, ukule. Kumebaki mistari mitatu."

Akanawa. Alikula vyake na nusu ya vyangu, akarudi kwenye mstari kabla yangu.