Lundo la Wifi Yangu

"Basi kamwambie bosi wako siweki dole gumba," wifi yangu alisema, akauchomeka uma wake wa kugeuzia mboji ardhini hadi kibanda kizima kikatikisika. Mimi nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Nikajishikilia isinimwage.

Aliyeambiwa hivyo ni mwanawe wa kumzaa. Ofisini wanamheshimu, lakini sisi tunamwita Kalamu, maana hata msibani huja na kalamu mbili mfukoni. Asubuhi hiyo alikuja na pedi ya wino na karatasi za mkataba. Zilisema kwamba ofisi ya mji, kampuni ya mbolea na wafadhili wameungana, kwa hiyo lundo la mboji la wifi, kiwanja chake cha nyuma ya soko na orodha ya watu wake wote vinaingia kwenye mradi. Yeye angepewa fulana na cheo cha mhamasishaji. Asipoweka dole kufikia saa nne, kiwanja kinachukuliwa. Na saa nne ilikuwa mlangoni.

Huyu wifi mnapaswa kumjua. Alikuwa mfagiaji wa soko kaka yangu alipomwoa. Kila jioni aliamriwa achome taka, na kila jioni alikataa, akayalundika maganda na majani hapa nyuma. Msimamizi alimfukuza kazi mara tatu, na mara zote tatu alirudi asubuhi na ufagio wake kana kwamba kafukuzwa mtu mwingine. Lundo likaanza kufuka mvuke. Mimi mwenyewe nimechemshia yai humo. Na mbegu ya boga iliyodondoka pembeni iliota kwa kasi hivi kwamba nilipoinama kufunga kamba ya kiatu, ikanivua kilemba. Asiyeamini akaliulize boga.

Wakulima ambao mashamba yao yalikuwa yamekakamaa kama sakafu kwa mbolea za dukani wakaja kuchukua beseni mojamoja. Udongo ukalainika. Wakarudi na wenzao.

Wifi ana sharti moja tu. Hupokei mboji yake wala hapokei taka zako mpaka uligeuze lundo kwa mikono yako, na huku unageuza umweleze watu wa kwenu wanaendeleaje. Seremala aligeuza, ndipo maranda yake yakakubaliwa. Mwenye bucha aligeuza akilalamika mgongo. Mwalimu mkuu aligeuza na tai shingoni. Muuguzi wa zahanati aligeuza akalia, maana siku hiyo alikuwa na lake la kulia. Hapo hapo kwenye uma mwalimu akapata wa kumtengenezea madawati, na muuguzi akajua wakulima gani awatumie kina mama wanaohitaji mboga.

Mwaka uliopita ofisi ilijaribu kufanya yake bila wifi. Ikaleta mapipa ya kijani yenye kufuli, funguo akakaa nazo afisa mmoja, afisa akaenda semina wiki tatu. Kupitia tundu la juu la mapipa watu wakatumbukiza chupa, waya, hata koti zima. Yalinuka mpaka nzi wakahamia mtaa wa pili.

Kalamu akajaribu kwa upole. Alisema watu wote wameshaingizwa kwenye fomu, limebaki dole tu.

"Unao kwenye fomu?" wifi akamuuliza. "Mke wa mwenye bucha alipojifungua, aliyekaa naye siku tatu ni wewe? Leo nikimwambia mumewe samadi isije, haiji. Mpelekee fulana uone."

Kijana akanigeukia, akaniomba, "Shangazi, sema na wifi yako." Nikamwambia nimesema naye miaka arobaini na bado hajasikia.

"Watachukua kiwanja, mama."

"Wakichukue. Lundo lina miguu. Kila aliyegeuza atabeba ndoo moja, na saa sita mchana kiwanja chao kitakuwa kitupu, wapande fulana zao hapo."

Sikumwona akitania. Nilianza kuhesabu ndoo, kuanzia niliyoikalia.

Sasa, lundo la siku hiyo lilikuwa bichi mno. Maganda yalizidi, vikavu vilipungua, na seremala alikuwa hajaleta maranda. Wifi akaziangalia zile karatasi mkononi mwa mwanawe. Akauliza kama zina plastiki ndani. Kalamu, mtoto wa watu mkweli, akajibu hapana, ni karatasi tupu. Kabla hajafumba mdomo, mama yake alikuwa ameshazichukua, akazichana nyembamba kama anakata mboga, akazifukia katikati ya lundo na kuligeuza mara mbili.

Kijana akabaki na pedi yake ya wino. Nikamuuliza kama na wino nao unaoza.

"Umenimaliza, mama," alisema. "Bosi akifika nitamwonyesha ni—"

Mlango wa bati ukasukumwa. Akaingia bosi mwenyewe, mama mrefu wa viatu vyeupe, na nyuma yake seremala na gunia la maranda, aliyemwelekeza njia. Akatusalimu vizuri tu, akauliza kama mkataba uko tayari.

Wifi aliung'oa uma, akaufuta mpini kwa upindo wa gauni lake, akamnyooshea.

"Uko humo," alisema. "Geuza."