Paneli Juu ya Boti ya Baba

Baba yangu anavua dagaa Mugango kwa taa za betri, na betri yenyewe ilikuwa inasafiri kuliko mwenye boti. Kila asubuhi inapanda pikipiki kwenda kuchajiwa Musoma mjini, jioni inarudi. Mimi, binti yake, ni fundi umeme huko huko mjini, na nilichoka kuiona ikipita. Jua tunalo, upepo tunao, kwa nini boti isijichajie?

Nilianza na upepo. Nilifunga mapanga ya feni nyuma ya boti, yakazunguka vizuri sana, yakala wavu. Baba alikaa siku mbili akiushona.

Kwa hiyo nilipoleta paneli ya sola, wiki ya mbalamwezi ambapo boti za dagaa hupumzika, alinipa sharti.

"Jumamosi betri ijae, mama. Isipojaa, utoe waya zako zote, mi nirudie pikipiki yangu."

Nilitaka sana aniamini. Aliuza ng'ombe ili nisomee ufundi, ukoo mzima ukimwambia ng'ombe hao amewatupa bure.

Jumanne nikaifunga paneli kwenye fremu ya mbao juu ya tezi, kule nyuma ya boti, imelala karibu bapa, maana jua letu hupita utosini. Nikiwa nakaza skrubu, mama akapita akilalamika kwamba kuku wanammalizia dagaa wake waliolowa mvua.

"Anika popote wasipofika," nikamjibu bila kugeuka, nikawahi kazini mjini.

Niliporudi Jumamosi asubuhi, betri ilikuwa imekufa kabisa. Nikapima waya. Nikafuta magamba kwenye kioo cha paneli, nikidhani ni uchafu wa ziwa tu. Hasira zikanipanda, nikamuuliza baba, kwa sauti ninayoionea aibu hadi leo, nani amechezea waya zangu. Akasema hajagusa. Nikamwambia haiwezekani.

Saa nne mama akaja na beseni kichwani. Akapanda kwenye boti, akamwaga dagaa juu ya paneli, akawatandaza kwa kiganja mpaka kioo kikapotea.

"Kichanja chako kizuri, mwanangu," akasema. "Kinapataga moto, na kuku hawafiki. Tangu Jumanne ile naanika hapa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamgeukia baba.

"Baba, hawa dagaa ulikuwa unawaona?"

"Nilikuwa nawaonaga kila siku."

"Sasa mbona hukunipigia simu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu.

"Nilijua ndo inavyofanyaga kazi. Si wewe ndo fundi?"

Kicheko kikaniishia. Nikamwomba radhi mbele ya mama, nikachukua bisibisi nifungue waya, kwa kuwa Jumamosi ilikuwa imefika na ahadi ni ahadi.

"Hiyo ya nini?" baba akaniuliza. "Toa dagaa, mama. Waya ziache."