Mistari Miwili, Jina Moja

Wasomaji wangu, mzee aliyetunga mfumo wa kompyuta wa zahanati yetu hapa Mji wa Kale amefariki, na tumemzika juzi baada ya alasiri. Hatukuwa chanda na pete. Tulikutana barazani kwa kahawa, tukabishana, kila mtu akaenda zake. Lakini nina hofu ambayo haikuishia makaburini, na sioni haya kuisema.

Alipenda kunieleza kazi yake, nami nilipenda kumchokoza kwamba ni uchawi. Siku moja alinionyesha kwenye simu jedwali la wagonjwa: majina huku, dawa kule, hali ya mtu pembeni. "Jedwali hili halina kitu ndani," akaniambia. "Ni dirisha tu. Habari zenyewe zimo kwenye hifadhi, na kila mstari nimeufunga nayo. Kukibadilika kule, hapa pabadilika. Na ukiandika hapa, umeandika kule." Nikamuuliza mstari wajuaje habari zake ni zipi. Akajibu, "Kwa jina la mtu, la baba na la babu." Watu wetu walikuwa wakipoteza kadi, naye akaona majina matatu yatosha. Sasa nani asiyejua kwamba nyumba nyingi za mtaa huu mjukuu hupewa jina la babu, kizazi baada ya kizazi, hata majina matatu yakarudi yale yale? Mjukuu wake mwenyewe, mfanyakazi wa bandarini, alikuwa somo wake kwa majina yote matatu.

Mjukuu alipoanza kutibiwa kisukari pale, babu naye akajikuta ameandikiwa sindano. Barazani tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Yeye hakucheka. Akaenda kwa wakubwa wa zahanati kuomba aifunge upya mistari yote, safari hii kwa namba ya kadi. Wakamwagiza karani asimpe babu sindano, basi, wakamwambia mfumo wenda vizuri, angoje. Akarudi tena na tena, mpaka wakamwona kero. "Jedwali langu litamuua mtu," aliniambia tulipokutana Marikiti, na uso wake haukuwa wa mzaha.

Jana mjukuu alikwenda kuchukua sindano, maana za nyumbani zilimwishia matangani. Karani alikuwa ameshaandika hali ya mzee: marehemu. Mistari yote miwili ikabadilika, na mfumo hautoi dawa kwa marehemu, wala haumruhusu karani kulifuta neno hilo. Mke wa mjukuu, aliyemsindikiza, akapiga kelele, "Marehemu gani? Huyu hapa yuwasimama, yuwahema!" Karani, machozi yakimlenga, akajibu, "Dada'angu, mimi namuona. Mashine ndiyo yakataa, na aliyeitengeneza ndiye tuliyemzika." Wakubwa hawakuwapo. Mjukuu na mkewe wakazunguka maduka ya dawa mpaka Makupa, na walipoipata sindano, kijana alikuwa ameshaanguka. Yuko wodini, hajafumbua macho.

Nina hasira. Mtu anahema mbele yetu, nasi tunaikodolea macho skrini kuuliza kama yu hai. Kosa lilikuwa la mzee, naye alilikiri na akaomba kulirekebisha. Waliomwambia angoje bado wanakaa maofisini. Kabla hujauamini mstari wenye jina lako, uliza umefungwa kwa kitu gani, na nani ajuaye kuufungua. Sisi aliyejua tumemfukia. Asubuhi hii nimepita zahanati, na jedwali bado linasema mjukuu ni marehemu. Namwomba Mungu liendelee kuwa limekosea.