Karatasi ya Bura

Siku wito wa mgambo ulipofika Endasak, mimi na Bura tulikuwa tunapiga maharage kwa fimbo uani kwangu. Tulikuwa walimu wa shule moja. Yeye alifundisha sayansi, na kwa ubishi hakuwa na mpinzani. Mfukoni mwa shati alitembea na karatasi aliyoinakili kwa mkono tangu akiwa chuoni: maneno ya mwanasayansi mmoja maarufu duniani, aliyeandika kati ya vile vita vikuu viwili kwamba anatumaini siku moja watu watachoka kuuana. Nilizoea kumtania kwamba mzee wa watu alitumaini weee, na vita vya pili vikaja vilevile. Bura alinijibu kuwa kutumaini siyo kutabiri.

Miezi minne baadaye tulikuwa vitani mpakani. Asubuhi moja kamanda alitaka ramani ya kilima kilichokuwa mbele yetu, na mimi ndiye niliyekuwa nimetumwa kukipeleleza. Karatasi zetu zote zilikuwa zimelowa mvua. Bura akatoa yake. Nikachora nyuma yake: njia, mti mmoja, nyumba ya bati. Ile nyumba nikaitia alama ya msalaba, nikasema ni ghala la silaha. Nilikuwa nimeiona kwa mbali tu, nikadhani.

Mizinga ikapigwa.

Ilipotulia, tukasikia watoto wanalia.

Bura aliweka bunduki chini, akakimbia kuelekea kwenye ile nyumba. Nilimwita. Risasi ilimpata kabla hajaufikia mti.

Jioni kamanda alinirudishia karatasi, akidhani ananifariji.

Vita vilipokwisha ilinibidi niende Endagikot kwa mama yake. Aliijua karatasi ile, maana Bura alimsomea kila likizo, na alikuwa ametuma watu kuniulizia kama imepona. Nilimwogopa mama yule kuliko mizinga. Ningempaje ramani iliyomuua mwanawe? Nikanakili maneno yote kwenye karatasi mpya, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, nikaenda nayo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Aliipokea kwa mikono miwili. Hakujua kusoma. Alipitisha kidole kwenye mistari, taratibu, mpaka mwisho.

"Huu siyo mwandiko wa Bura," alisema. "Bura aliandika kwa kulaza, kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Yake iko wapi?"

"Iliungua, mama."

Hakubisha. Aliikunja, akanirudishia. "Basi kaa nayo, mwanangu. Mimi nilitaka ya kwake."

Alifariki miaka mingi iliyopita. Karatasi ya Bura ninayo mpaka leo, ndani ya bahasha kabatini. Juzi mjukuu wangu aliomba kuipiga picha kwa simu, nikamruhusu upande mmoja tu. Bado naona haya.

Mama yule hakujua kusoma maandishi, seuze ramani. Angeuona mwandiko wa mwanawe, basi, na mimi nikamnyima.