Mashaka na Santuri za Majonzi

Mimi ndiye niliyemposea Mashaka mke miaka thelathini iliyopita, na mshenga akishakula pilau la harusi hapumziki mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo Mwanaamina alipofungasha nguo akarudi kwao Kisarawe, simu ya Mashaka kutoka Sofu ililia kwangu.

"Bwana Kibwana, mwenzangu kaondoka. Na sijamkosea kitu."

Nilimwamini nusu. Mashaka ni fundi saa mstaafu, hana neno na mtu. Ugonjwa wake ni santuri: zile ndogo, wimbo mmoja kila upande, za Wazungu wa miaka ya themanini walioachwa na wapenzi wao mvua ikinyesha. Huzifuata hadi Magindu akisikia mtu anafungua sanduku la marehemu. Anazo mia nne na ushee, amezipanga kwa uzito wa huzuni. Kiingereza hajui, lakini gitaa likianza kulalamika tu, machozi yanamtoka. Tulipomzika baba yake hakutoa hata tone. Aliuliza kama makoleo yanatosha.

Siku ya safari yetu ya Kisarawe nilimkuta amebeba gramafoni yake ya betri. Nikamwuliza ya nini.

"Ushahidi. Wakwe wakiusikia wimbo watajua mimi nina moyo."

Nilitamani nirudi kwangu Mlandizi.

Hamza, kaka yake Mwanaamina, ni mchoma mkaa asiyecheka ovyo. Alitupokea barazani pamoja na wazee wawili wa ukoo. Mwanaamina alikaa mkekani. Hamza akataka kujua dada yake amekosewa nini, na Mashaka, badala ya kujibu, akaweka sindano kwenye santuri.

Naona aibu mpaka leo. Yule Mzungu aliimba, kinanda kikamlilia nyuma, na Hamza akaanza kupangusa pua. Mzee mmoja akamkumbuka mke wake wa kwanza, mwingine akamkumbuka ng'ombe. Mimi nilijikaza kisabuni, nikashindwa. Wimbo ulipokwisha Hamza akasema, "Hebu rudia, shemeji."

Mashaka akarudia, amefurahi kama aliyeshinda kesi.

"Watu wazima watano," Mwanaamina akasema, "mnamlilia mtu msiyemjua, na hakuna aliyeniuliza kwa nini nimerudi nyumbani."

Akamgeukia mumewe.

"Hajra nimeuza naye maandazi miaka kumi na minane. Nimetoka kwenye matanga yake, nimeingia ndani nalia. Wewe ukaweka kidole mdomoni. Ukaniambia ngoja kwanza, wimbo unakaribia kuisha."

Mashaka aliinua sindano wimbo ukiwa katikati, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Nami niliyeletwa kwa ajili ya maneno, nikawa napangusa machozi. Nilimwonea huruma, lakini zaidi nilijionea haya mwenyewe.

"Leo siondoki," Mwanaamina alisema. "Kesho njoo. Hilo sanduku lako la nyimbo libaki kwako."

Kesho yake Mashaka alikwenda mikono mitupu. Nilingoja habari mpaka alasiri, uvumilivu ukanishinda, nikampigia kuuliza kama shemeji amekubali kurudi.

Alipokea kwa kunong'ona. "Ngoja kwanza, Bwana Kibwana. Mwenzangu bado ananisimulia habari za Hajra."

Akakata simu.